Alama Ndogo Yenye Kugawa Mali

Ndugu msomaji, juma hili nimeazimia kuzungumza nawe juu ya kosa langu mwenyewe. Mwalimu anayesahihisha madaftari ya wengine kila siku husahau upesi kwamba naye analo daftari lake, na kwamba siku moja litafunguliwa mbele ya watu. Langu limekwisha kufunguliwa, nami naona ni haki wasomaji wa ukurasa huu wapate faida katika aibu yangu.

Mtaani kwetu Lubaga, katika mteremko ulio chini ya kanisa kuu, alikaa jirani yangu aliyekuwa sajini mstaafu. Jioni moja alinijia na karatasi na kalamu. Maradhi ya sukari yalikuwa yameanza kumpunguzia nuru ya macho, naye alitaka nimwandikie maagizo machache ya nyumba yake. Alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha kule Nateete, vile tunavyoviita mizigo, na kodi ya vyumba hivyo alitaka iwe ada ya shule. Alinieleza neno lake kwa Kiswahili cha kambini, safi, lisilo na shaka. Kisha akasema, "Mwalimu, iandike kwa Kiingereza. Karatasi ya Kiingereza ndiyo inayoheshimiwa ofisini."

Nami nilikuwa nimetoka kazini, njaa ikinisukuma. Nikaandika haraka: "The rent of the two rooms is for my brothers children." Nikamsomea, akaridhika, akatia sahihi yake, akaikunja karatasi akaenda zake.

Miaka miwili baadaye Bwana Sajini alifariki dunia. Baada ya maziko na matanga, wazee wa ukoo walikutana, karatasi ikasomwa. Marehemu alikuwa na kaka watatu. Mmoja alikuwa amemtangulia kaburini, akaacha watoto wawili ambao Bwana Sajini ndiye aliyewalea na kuwasomesha. Wawili waliosalia wako hai, nao kwa pamoja wana watoto tisa. Mdogo wao, aliyesoma kidogo Kiingereza, aliinua karatasi akasema: "Hapa pameandikwa kaka, wengi. Basi fedha hizi ni za watoto wetu sote." Kodi ya vyumba viwili ikigawanywa kwa watoto kumi na mmoja haifiki hata bei ya madaftari. Yatima wale wawili walirudishwa nyumbani muhula uleule kwa kukosa ada.

Msomaji uliye makini umekwisha kuona kilichokosekana. Ni alama moja, ndogo kuliko punje ya mtama. Ningaliandika "my brother's children", wangekuwa watoto wa kaka mmoja. Ningaliandika "my brothers' children", wangekuwa watoto wa makaka wote. Nami sikuandika hili wala lile. Niliacha pengo, na katika pengo hilo ugomvi ukajenga nyumba.

Nitarudi kwenye kisa hiki mwishoni. Kwanza tuijue alama yenyewe.

JINA LAKE NA UKOO WAKE

Kwa Kiswahili alama hii huitwa ritifaa. Umbo lake ni kama la koma, ila koma hukaa chini ya mstari na ritifaa hukaa juu, kama ndege juu ya waya. Wala si mgeni kwetu. Sisi tunaosoma Kiswahili twaikuta katika neno "ng'ombe" na neno "ng'ambo", ambapo hutuambia kwamba sauti itokee puani, si kama katika "ngoma" au "nguo". Ukiiondoa, maana yaweza kuharibika. "Ng'oa" ni kutoa mti na mizizi yake, lakini "ngoa" ni uchu au wivu wa moyoni. Mkulima aliyeagizwa ang'oe magugu asije akadhani ameambiwa ayaonee wivu.

Wale wanaosoma Kiganda wanaijua kwa kazi nyingine. Katika Kiganda hatuandiki "na omwana", bali "n'omwana". Wala hatuandiki "ekitabo kya omwana", bali "ekitabo ky'omwana", yaani kitabu cha mtoto. Irabu mbili zimekutana, moja imenyamaza, na ritifaa imewekwa pale kama alama juu ya kaburi, kwamba hapa pamelala herufi.

Shika mfano huo, kwa sababu Kiingereza kiliipokea alama hii kutoka kwa Wafaransa katika karne ya 16, kwa kazi hiyohiyo: kuonyesha herufi iliyoanguka. Hata ile ritifaa ya mwenye kitu, inayotutesa sote, ina asili hiyo. Kiingereza cha kale kiliongeza silabi "es" mwishoni mwa majina mengi ili kuonyesha umilikaji. Baadaye irabu ikaanguka, ikabaki "s", na mahali pa irabu pakawekwa ritifaa. Kwa hiyo Mganda anayeandika "ky'omwana" na Mwingereza anayeandika "the child's" wanafanya jambo moja bila kujuana.

KAZI YA KWANZA: HERUFI ILIYOANGUKA

Kazi ya kwanza ni nyepesi. "Do not" ikifupishwa huwa "don't". "I am" huwa "I'm". "They are" huwa "they're". Ritifaa hukaa mahali hasa palipoanguka herufi, si mahali maneno mawili yalipounganishwa. Ndiyo maana "do'nt" ni kosa, nasi huliona mara nyingi katika ilani za milangoni na za ukutani. Herufi iliyoanguka ni "o" ya "not", nayo ilikuwa kati ya "n" na "t".

Mtego mkubwa uko katika "its" na "it's". Wasomi wengi huanguka humo, nao hudhani kwamba maadam "its" yaonyesha mwenye kitu, basi lazima iwe na ritifaa. Sivyo. Neno "its" ni ndugu wa "his", "hers", "ours" na "theirs". Hayo yote yaonyesha mwenye kitu, na hakuna hata moja linalobeba ritifaa. Lenye ritifaa, yaani "it's", ni ufupisho wa "it is" au "it has" tu.

Njia ya kujipima ni hii: kila unapotaka kuandika "it's", lisome kwa kirefu. Koplo aliye zamu akiandika katika kitabu cha matukio "The dog broke it's chain", na asome: "The dog broke it is chain." Atacheka mwenyewe kabla mkubwa wake hajamcheka. Kipimo hichohicho hukuokoa katika "your" na "you're", na katika "whose" na "who's".

Kwa ripoti za kazi, barua za ofisini na maombi ya likizo, nakushauri usitumie ufupisho kabisa. Andika "do not", "it is", "they are". Ni heshima kwa mkubwa, na nusu ya makosa yako itakuwa imekwisha kabla hujaanza.

KAZI YA PILI: MWENYE KITU

Hapa ndipo palipo na mali. Kanuni yenyewe ni fupi, nami nakuomba uikariri: kwanza mtafute mwenye kitu na umwandike jina lake zima, kisha weka ritifaa mara tu baada yake, mwisho tazama kama "s" yahitajika. Mwenye kitu akiwa mmoja, weka ritifaa na "s". Wakiwa wengi na neno lao limekwisha kwa "s", ritifaa yatosha peke yake. Wakiwa wengi lakini neno lao halina "s" mwishoni, warudie sheria ya mmoja.

Ili usione kwamba haya ni mambo ya darasani tu, simama sasa hivi mbele ya kalenda iliyopachikwa ukutani mwako. Kalenda ya sikukuu za Uganda ni mwalimu asiyedai mshahara.

Tarehe 1 Januari ni "New Year's Day". Mwaka mpya ni mmoja, basi ritifaa hutangulia "s".

Tarehe 8 Machi ni "Women's Day". Wanawake ni wengi, lakini neno "women" limekwisha kuwa la wengi bila "s". Kwa hiyo tunaweka ritifaa, kisha "s". Anayeandika "Womens' Day" amewatungia wanawake wingi wa pili ambao hawakuuomba.

Tarehe 3 Juni ni "Martyrs' Day", siku ya Mashahidi wa Uganda. Hapa ritifaa hufuata "s", kwa sababu waliouawa ni wengi. Wale Wakatoliki peke yao, ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu kule Roma tarehe 18 Oktoba 1964, ni 22. Ukiandika "Martyr's Day" umemkumbuka mmoja na kuwasahau wengine wote. Hali kadhalika tarehe 9 Juni, "Heroes' Day": mashujaa ni wengi, na ritifaa hukaa nyuma yao kama mlinzi wa mwisho katika msafara.

Ukitoka nje ya nyumba, Lubaga nayo itakufundisha. Kanisa kuu lililo kilimani, lililowekwa wakfu mwaka 1925, ni la Bikira Maria, naye ni mmoja: "St. Mary's Cathedral". Hospitali iliyo kilimani hapohapo, ambayo masista walianza kazi yake mwaka 1899, hubeba jina la Mashahidi wa Uganda. Wengine huandika jina hilo kwa ritifaa na wengine bila. Lakini anayeiweka na aiweke baada ya "s", kwa hesabu ileile ya tarehe 3 Juni. Na lile ziwa lililochimbwa kwa amri ya Kabaka Mwanga katika miaka ya 1880, lililomo katika tarafa yetu, huitwa "Kabaka's Lake", kwa kuwa kiti cha Kabaka hukaliwa na mmoja tu.

Nanyi, maafande, alama hii mmeirithi pamoja na bunduki. Jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo kikosi chake cha 4 kilikuwa cha Uganda, liliitwa "King's African Rifles". Mfalme mmoja, ritifaa kabla ya "s". Nalo liliendelea kuitwa jeshi la mfalme hata baada ya malkia kukikalia kiti mwaka 1952, kwa maana jina la jeshi halibadilishwi kama shati.

Tazama pia mlango wa mesi. Mesi ya maofisa ni "Officers' Mess", na mesi ya masajini ni "Sergeants' Mess". Kibao kikisomeka "Officer's Mess", basi ofisa mmoja amejitwalia mesi nzima, na wenzake wanakula wapi?

Kicheko hicho huisha tunapofika katika kituo cha polisi. Chukua sentensi hii katika taarifa ya ukamataji: "We recovered the suspects phones." Simu ni nyingi, sawa. Lakini mtuhumiwa ni mmoja au ni wengi? Ikiwa "suspect's phones", mtu mmoja alikutwa na simu kadhaa, na swali la mahakama ni kwa nini mtu mmoja awe na simu zote hizo. Ikiwa "suspects' phones", kila mmoja wao yumkini alikuwa na yake, na hakuna ajabu. Wakili wa utetezi akiikuta sentensi isiyo na ritifaa, atamsimamisha askari kizimbani na kumwuliza alikuwa na maana gani. Na askari, baada ya mwaka mmoja na kesi nyingine nyingi katikati, ataikumbuka vipi?

MAHALI AMBAPO HAINA KAZI

Kosa la tatu ni la kuizidisha. Wako watu wanaodhani kwamba kila "s" iliyo mwishoni mwa neno ni lazima ipewe ritifaa, kama vile kila mgeni hupewa kiti. Ukishuka kutoka Lubaga kwenda sokoni utaona mbao zilizoandikwa "Banana's", "Chapati's", "Phone's repaired here". Mwenye ubao alitaka kusema ndizi nyingi, chapati nyingi, simu nyingi. Wingi hauna haja ya ritifaa. "Bananas" yatosha.

Tusijione wanyonge kwa hilo, kwani Waingereza wenyewe wana ugonjwa huohuo, hata wakaupa jina: huuita ritifaa ya muuza mboga, kwa sababu huonekana sana katika vibao vya wauza mboga na matunda. Hali kadhalika miaka: andika "the 1980s" bila ritifaa. Na majina ya familia: ukiwaalika akina Okello wote kwenye arusi, andika "the Okellos".

JE, ALAMA HII INA FAIDA KWELI?

Wapo watakaosema: Mwalimu, unatusumbua. Dunia imekwenda mbele, vijana wanaandikiana kwa simu bila nukta wala koma, na bado wanaelewana.

Siwakatalii wote. Huko Uingereza, mwandishi wa habari mstaafu John Richards aliunda chama cha kuilinda ritifaa mwaka 2001, na mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 96, akakifunga, akikiri kwamba ujinga na uvivu vimeshinda. Mwaka 2024 halmashauri ya North Yorkshire, nchini humohumo, ilitangaza kwamba vibao vipya vya barabara havitakuwa na ritifaa, kwa kuwa zinatatiza kumbukumbu za kompyuta. Katika mji wa Harrogate kibao cha barabara ya "St Mary's Walk" kikawekwa bila alama, na mtu akaichora mwenyewe kwa mkono wake. Malalamiko yalikuwa mengi, na halmashauri ikageuza uamuzi wake mwaka huohuo.

Nami nasema: kibao cha barabara hakimdhulumu mtu. Mgeni atafika tu. Lakini karatasi yenye fedha, kazi, ardhi au jina la mtu ndani yake ni jambo jingine. Australia iliona hivyo. Mwaka 2020 wakala mmoja wa nyumba, katika jimbo la New South Wales, aliandika katika Facebook kwamba wakala mwenzake anauza nyumba za mamilioni lakini hawalipi "employees" akiba yao ya uzeeni. Hakuweka ritifaa. Aliposhtakiwa kwa kuchafua jina la mtu, alijitetea kwamba alikusudia mfanyakazi mmoja tu, yaani yeye mwenyewe. Mwaka 2021 hakimu alikataa kuifuta kesi hiyo, kwa hoja kwamba neno lile bila ritifaa laweza kusomeka kuwa ni wafanyakazi wote. Na kutomlipa mmoja si sawa na kuwa na desturi ya kutowalipa wote. Kesi ikaruhusiwa kuendelea. Naye aliandika katika mtandao, kama vijana wetu.

KARATASI YA BWANA SAJINI

Sasa nirudi nyumbani. Niliitwa katika kikao cha ukoo. Nikasimama nikaeleza kwamba marehemu aliniambia kaka mmoja, yule aliyekufa, na kwamba kosa ni la mkono wangu. Wazee walinisikiliza kwa adabu. Lakini kaka mdogo wa marehemu akauliza, bila hasira, "Mwalimu, mwaka ule uliandika jambo moja, na leo unasema jingine. Tuamini lipi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikiwaambia wanafunzi kwamba maandishi hushinda maneno ya mdomo, na hapo nilikuwa nimeshindwa na maandishi yangu.

Aliyetuokoa ni mjane. Alikwenda chumbani, akafungua sanduku la bati ambamo aliweka sare za mumewe, akatoa kijitabu cha mfukoni ambacho Bwana Sajini alianza kukiandika alipokuwa bado kazini. Kila mwezi alikuwa ameandika humo kodi aliyoipokea, na kila mwezi maneno yaleyale ya Kiswahili: "Ada ya watoto wa kaka yangu." Aliandika "yangu". Hakuandika "zangu".

Mzee wa ukoo akakisoma mara mbili, akavua miwani. Kiswahili hakikuhitaji ritifaa. Kilikuwa kimehesabu makaka kwa herufi moja. "Kaka yangu" ni mmoja, "kaka zangu" ni wengi, na hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuchanganya. Wazee wakakubaliana kwamba kodi iende kwa yatima wawili. Wamerudi shuleni. Lakini kaka mdogo wa marehemu aliondoka bila kunywa chai, na hadi leo hajafika tena nyumbani kwa shemeji yake. Ritifaa moja nilikuwa nimeiacha, na hiyo siwezi kuirudi na kuiweka.

Nilipomwomba mjane radhi alinijibu, "Mwalimu, mimi nimekwisha kusamehe. Wewe uwaambie wengine." Ndiyo sababu ya makala haya.

USHAURI KWA NYUMBA ZETU

Kwanza, afande, na wewe mama wa nyumbani: usione haya kuandika jambo lako la maana kwa lugha unayoimiliki. Karatasi haipati heshima kwa kuwa ya Kiingereza. Hupata heshima kwa kuwa haina maana mbili.

Pili, ukilazimika kuandika kwa Kiingereza na huna hakika na ritifaa, ipite kando. Kiingereza kina mlango mwingine unaofanana na "wa" yetu: "the children of my brother" ni watoto wa kaka mmoja, na "the children of my brothers" ni watoto wa makaka wengi. Hapo hakuna ritifaa ya kusahau. Kisha ongeza majina. Mtaje kaka, wataje watoto. Jina la mtu ni ngome kuliko alama yoyote, hasa kwetu sisi ambao mtoto wa baba mdogo naye tunamwita kaka.

Tatu, wosia si barua ya jirani. Sheria yetu yataka utiwe sahihi na ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili. Mwone mwanasheria mapema, ukiwa mzima na akili zako timamu. Rafiki mwenye cheti cha ualimu na njaa ya jioni hatoshi.

Nne, wewe unayeandikia wengine, uwe karani, mwalimu au koplo wa zamu: somea mtu maandishi yake katika lugha yake, kisha umwulize, "Ni mmoja au ni wengi?" Swali hilo ningaliliuliza jioni ile, lisingenigharimu hata dakika moja.

ZOEZI LA JUMA HILI

Wazazi, wapeni watoto sentensi hizi usiku wa leo, kila moja iwekwe ritifaa inapostahili. Msitazame majibu kwanza, nanyi pia.

1. The bus lost its way.
2. The two constables boots were wet.
3. The childrens books are in Mamas bag.
4. We sell tomatoes and onions.
5. It is the sergeants duty to lock the gate. (Sajini ni mmoja.)

Majibu: Ya kwanza haihitaji kitu, njia ni ya basi, na "its" haibebi ritifaa. Ya pili: "constables' boots", kwa kuwa ni makonstebo wawili. Ya tatu: "children's books" na "Mama's bag". Ya nne iache ilivyo, ni wingi tu. Ya tano: "the sergeant's duty".

Nilipoiandika hiyo ya tano nilisimama kidogo. Kisha nikaiweka ritifaa, nikaitazama mara ya pili, ndipo nikageuza ukurasa.